Osuri ya Milimani

Tangu mazishi hakuna mtu aliyepita lango lile bila kuitwa, na hata walioitwa waliishia kwenye vidato vya veranda. Kwa hiyo Awuor aliposikia viatu vya mwanamume vikipanda mchana ule, hakuinua uso kutoka kwenye cherehani. Alikwisha kuvizoea. Kila alasiri, upepo wa ziwa ulipoanza, hatua zilipita verandani kutoka pembe ya mashariki hadi mlango wa sebule, zikakoma hapo, na kila alipotazama hapakuwa na mtu. Alikuwa ameamua kutotazama tena. Lakini viatu hivi vilikuwa na msumari kisiginoni, na viatu vya marehemu mumewe havikuwa na msumari. Ndipo alipogeuka.

Kijana mrefu alikuwa amesimama katikati ya veranda, mkoba begani na kamera kifuani, akizitazama mbao za dari kwa furaha isiyofichika. Alipoona anaangaliwa alivua kofia na kuomba radhi. Akasema anaitwa Irungu, ametoka Nairobi, katika ofisi ya serikali inayoshughulikia majengo ya zamani, na kwamba alipiga hodi langoni mpaka akachoka. Awuor alifungua mdomo amwambie angoje pale pale. Kijana akadhani anakaribishwa. Akavuka kizingiti, akaingia ndani.

Kutoka chumba cha nyuma ikaja sauti ya Anyango, mama mkwe wa Awuor, kikongwe ambaye macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu kwa miaka mingi. Alisema kwa Kijaluo, bila mshangao wowote:

"Zadock, leo umewahi."

Irungu hakuelewa maneno yale, ila alitambua kwamba ni mama mzee anayezungumza, akaitikia kwa heshima, "Hujambo, mama."  Kisha kitanda kikalia, na kikongwe akaanza kulia taratibu, kwa kuwa hiyo haikuwa sauti aliyoitarajia.

Awuor alimtoa mgeni nje, akamkalisha kwenye kiti cha veranda na kumweleza kosa alilofanya. Mumewe Zadock, karani mkuu wa bandari, alikuwa amefariki mwezi wa kumi na moja, akazikwa kwao Seme. Tangu siku ile yeye Awuor alikuwa chi liel, mke wa kaburi. Mwanamke wa namna hiyo haingii nyumba ya mtu, hamshiki mtoto wa mtu, na mtu mwenye akili haingii kwake wala hagusi alichokishika, mpaka mila ya mume wake imalizwe. Yake ilikuwa haijamalizwa.

Irungu alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwamba yeye amekwisha kuingia, kwa hiyo kama ni kupatwa na jambo amekwisha kupatwa nalo, na je, angeweza kupima vyumba?

Awuor alicheka. Yeye mwenyewe alishtuka kuisikia sauti ya kicheko chake.

"Wewe ni Mkikuyu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na unatembea Kisumu na kamera, peke yako."

"Watu wamenionyesha njia vizuri tu."

"Wamekuonyesha kwa sababu ni huku. Ungeuliza nyumba nyingine, wangekuzungusha mpaka Obunga."

* * *

Nyumba ile ilijengwa kabla ya vita vya kwanza vya Wazungu, na fundi wa Kihindi aliyekuja na reli kisha akabaki kuunganisha meli za ziwani. Aliijenga kwa mawe, akaiinua juu ya nguzo fupi ili mchwa na maji visiifikie, akaizungushia veranda pande zote nne. Vigae vya paa vilitoka Bara Hindi kwa meli na kumaliziwa safari kwa treni, na kila kimoja kilikuwa na chapa ya ndege mgongoni. Juu ya milango palikuwa na vioo vya rangi nyekundu na kijani, ambavyo saa za jioni vilimwaga mabaka sakafuni kama nguo zilizotupwa. Baada ya fundi huyo alikaa Mzungu wa pamba, baadaye daktari wa Kihindi, na mwaka wa sitini na nane, Wahindi walipokuwa wakiondoka kwa wingi, daktari yule alimuuzia Zadock kwa bei ya kutupa, akalia langoni kama aliyefiwa.

Haya Awuor aliyajua nusunusu, Irungu alimkamilishia. Alikuwa amemaliza chuo kikuu mwaka uliopita na bado aliamini kwamba nchi changa inaweza kutunza kitu kizuri bila kujali nani alikijenga. Alisema hivyo wazi, na masikio yake yakapata moto. Awuor alimshikia ncha ya futi ya chuma huku yeye akisoma urefu wa kuta. Alikuwa fundi cherehani, kupima alikujua. Tangu mazishi wateja wake hawakukubali tena awapime viunoni wala mabegani. Walitundika gauni kuukuu langoni ili alifuatishe, kisha wakaichukua kazi kwa ncha ya kijiti. Kushika futi pamoja na mtu mwingine, kila mmoja kwa upande wake, kulimfanya atake kulia, akasingizia vumbi.

Upepo wa ziwa ulipofika, nyumba nzima ilivuta pumzi. Mlango wa sebule ulifunguka wenyewe, mapazia yakaelekea ndani, na kutoka juu ya paa ikasikika sauti nzito, ya chini, kama mwanamume anayesafisha koo kabla ya kuzungumza. Awuor alisimama wima. Ndivyo Zadock alivyokuwa akifanya kila alipotaka kusema jambo.

Irungu alifurahi mno. Alimwonyesha matundu yaliyoachwa chini ya sakafu na mengine chini ya ukingo wa paa. Hewa baridi ya ziwa, alisema, huingia kwa chini, joto la vyumba huipandisha hadi darini, na inatafuta pa kutokea. Nyumba hii ina mapafu. Na ile sauti inatoka kwenye mkuki.

Mkuki ulikuwa juu kabisa, kwenye ncha ya paa la mbele: bomba la shaba lenye urefu wa mtu, lililochongoka, ambalo yule fundi wa meli alilitengeneza kwa vipande vya karakana ya bandari. Irungu alisema hajaona mwingine wa aina hiyo katika mji wowote wa ziwani.

"Huo si mkuki," Awuor alisema. "Huo ndio shida yangu."

Akamweleza. Mjaluo anapoanzisha boma lake, juu ya paa la nyumba ya mke mkubwa husimamishwa kijiti kilichochongoka, osuri. Kijiti hicho husema kwamba mwenye boma yuko hai. Akifa, mtu wa ukoo wake hupanda na kukishusha. Sasa Zadock, kwa sababu ya kazi na kiburi kidogo cha mjini, hakuwahi kwenda Seme kujenga boma. Siku waliyohamia hapa alisimama bustanini akaunyooshea kidole ule mkuki, akawaambia wageni wote, mama yake akiwemo, kwamba yeye hana haja ya kujenga, Mhindi amekwisha kumsimamishia osuri yake. Watu walicheka. Mama yake hakucheka. Zadock alipokufa ndugu walimjengea kibanda cha haraka Seme ili alale humo kabla ya kuzikwa, na kibanda cha haraka hakiwekwi osuri. Wazee wakakaa, wakakumbuka maneno yake, wakaamua: alijitangazia boma lake kule Milimani kwa mdomo wake mwenyewe. Mpaka kile kilicho juu ya paa kishushwe, Zadock hajaondoka nyumbani.

"Kwa nini hakijashushwa?" Irungu aliuliza.

"Ndugu yake Opiyo ndiye wa kufanya hivyo. Kila siku ana shughuli. Alikuwa akisema nyumba ya mjini si boma, mimi na mama tunajitisha bure."

Kijana alipeperusha kofia yake. Siku iliyofuata alirudi kumalizia michoro. Siku hiyo hapakuwa na upepo kabisa. Ziwa lilikuwa limelala kama mafuta, na mbali kidogo na ufuko wale wadudu wadogo wanaoitwa sami walikuwa wamepanda kutoka majini kwa nguzo nyeusi, nyingi, zilizosimama angani bila kusogea kama moshi wa miji isiyokuwepo. Hakuna jani lililotikisika. Irungu alikuwa akichora mlango aliposikia, juu ya kichwa chake, koo likisafishwa.

Alisubiri. Likasafishwa tena. Kutoka chumba cha nyuma Anyango akajibu, "Ndiyo, baba, tunakusikia."

Penseli ya Irungu ilikuwa imesimama. Awuor alimtazama, akingoja maelezo ya hewa baridi na hewa ya joto.

"Hilo silijui, mama," alisema mwishowe.

Kwa jibu hilo Awuor alianza kumwamini.

Kabla ya kuondoka Irungu alimweleza kilichomleta. Ofisi yake ilikuwa ikikusanya nyumba chache za kuhifadhiwa kisheria. Nyumba ikikubaliwa, hakuna awezaye kuivunja wala kuiuza ili ivunjwe, hata ndugu wa marehemu. Awuor alisikia sentensi hiyo kwa mwili mzima. Opiyo alikwisha kuleta mara mbili tajiri wa kutoka mjini aliyetaka kiwanja kwa ajili ya hoteli ya ghorofa, na wote wawili walizunguka bustani wakizungumza kana kwamba yeye ni mti. Nyumba ikiuzwa, angepelekwa Seme kwenye kile kibanda cha haraka, pamoja na kikongwe asiyeona.

"Lakini wakubwa wangu lazima waje waione kwa macho yao," Irungu alisema. "Na wanatafuta sababu ya kukataa, kwa sababu kukataa hakuna kazi. Wakikuta kitu kimoja kimeondolewa, hasa ule mkuki, watalifuta jina la nyumba hii na kurudi hotelini. Naomba usisogezwe mpaka nije nao. Baada ya mvua kubwa."

Awuor alitazama juu, halafu akatazama mikono yake.

"Unajua unaniomba nini?"

"Sijui yote, mama."

"Haya. Hautasogezwa."

* * *

Mvua zilikuja kwa kishindo, kisha zikapungua. Irungu hakuonekana.

Kasisi alifika kumwombea, akasema kuwa mambo ya vijiti na makaburi ni giza ambalo Injili imekwisha kulifukuza. Alisema hayo akiwa amesimama kwenye kidato cha chini, na mkewe alikuwa amebaki langoni na mwavuli. Mwenye kinu cha posho alimsagia Awuor mahindi mwisho, watu wote wakishaondoka, kisha akamwaga ndoo ya maji mahali aliposimama. Alifanya hivyo kwa upole, akimwomba msamaha, na huo upole ndio uliouma.

Binti yake Seline alikuwa ameolewa Kaloleni, kwenye nyumba za baraza la mji, na alikuwa mja mzito wa mtoto wake wa kwanza. Alikuja mpaka ng'ambo ya barabara, mama yake akasimama ndani ya lango, wakazungumza kwa sauti kubwa kuzidi kelele za magari na baiskeli. Walizungumza kuhusu miguu iliyovimba na tamaa ya udongo. Seline alikuwa na hofu. Mama wa mumewe alikuwa amekufa zamani, hakuwa na mwanamke wa kumshika mgongo. Alimwuliza mama yake atakuja lini. Awuor alisema, hivi karibuni. Seline alitazama juu ya paa, kila mtu alitazama juu ya paa alipozungumza na Awuor siku hizo, akasema, "Mama, si umwambie Baba Mdogo aishushe tu."

Hakumwambia binti yake kuhusu ahadi. Aliona aibu: ingesikika kama amemchagua kijana wa Nairobi.

Ndani ya nyumba mambo yalizidi. Hatua hazikungoja tena upepo. Sufuria iliyofunikwa ilikutwa wazi, na chakula chake kimepoa upande mmoja tu. Anyango alikuwa akizungumza na mwanawe mchana kutwa. Alisema neno, akanyamaza kwa muda ambao jibu lingechukua, halafu akasema jingine. Mara kwa mara alicheka kidogo. "Amechoka," alimwambia Awuor, akimwita kwa jina la kwao. "Anauliza kwa nini tumemsimamisha mlangoni kama mdai. Nyar Uyoma, wewe humsikii?"

"Namsikia, Mama."

Alasiri moja alikuwa sebuleni akipiga pasi wakati kiti cha mianzi cha Zadock, kilichokuwa hatua chache kutoka alipo, kilipoanza kulia. Kilijikunja taratibu, ufito mmoja baada ya mwingine, kama kinavyofanya kikipokea uzito wa mtu mnene anayejishusha kwa uangalifu. Kisha kikatulia. Awuor aliweka pasi wima. Hakuwa tena na hofu ya kumfanya akimbie. Alikuwa na uchovu.

"Baba Seline," alisema, "hata mimi nimechoka. Nimempa mtu neno."

 Kiti kilibaki kimebonyea katikati mpaka mabaka mekundu na kijani yakapanda ukutani na kufifia.

Wakati huo huo Opiyo alikuwa amepata habari. Mtu fulani alimwambia mjini kwamba serikali imepima nyumba ya nduguye, na ikiandikwa haitauzika. Tangu siku hiyo mila ilianza kumkosesha usingizi. Alionekana katika vikao vya wazee akisema ni aibu osuri ya ndugu yake kubaki juu wakati yeye amelala ardhini, na wazee, ambao walikuwa wamemwambia jambo hilo hilo kwa miezi, walimsifu kwa kukomaa.

* * *

Mume wa Seline alikuja asubuhi na mapema akiwa amevaa koti la kazi la reli kinyume. Alisimama langoni. Mtoto alikuwa amezaliwa, wa kike, mzima. Lakini Seline alikuwa amevuja damu nyingi, mkunga alikuwa amefanikiwa kuizuia, na sasa alikuwa amelala akimwita mama yake. Alisema hayo yote akitazama viatu vyake. Hakumwambia Awuor aje. Alijua hawezi kumwambia.

Alipokuwa angali pale, Opiyo akafika na ngazi ya mbao. Alikuwa na binamu yao, Oduor, mtu mcheshi wa kupaka rangi nyumba za watu, ambaye hakuogopa kupanda popote. Walikuwa wamekwisha kusikia habari za Kaloleni njiani. Opiyo alimpa mkwe wao pole na hongera kwa pamoja, akavua koti, akalitundika kwenye lango.

"Shemeji," alimwambia Awuor, "nimechelewa, nakubali. Lakini leo Mungu amepanga. Oduor anapanda sasa hivi. Wazee wako Seme wanangoja niseme imekwisha, na wewe mwenyewe, kabla ya jua kuwa kali, utakuwa umempakata mjukuu wako."

Awuor alihisi mikono yake ikijikunja yenyewe, kama inayopokea kitu. Anyango alikuwa ametoka hadi mlangoni akipapasa ukuta, na uso wake ulikuwa umeng'aa.

"Ni leo?" alisema. "Opiyo, mwanangu, ni leo?"

"Ni leo, Mama."

Oduor alisimamisha ngazi kwenye ukingo wa paa, akaitikisa kuijaribu. Awuor akasema wasubiri. Alisema kwa sauti ndogo, ikabidi arudie. Akaeleza kwamba alimwahidi yule mtu wa serikali, mkuki usisogezwe mpaka arudi na wakubwa wake.

Opiyo alimtazama kwa muda. "Mkikuyu."

"Irungu."

"Tangu ile mwaka polisi wa rais wao walitupiga risasi hapa mjini, ni Mkikuyu gani amekuahidi kitu akakitimiza? Binti yako amemwaga damu, halafu wewe unamtunzia mtu wa Nairobi bomba?"

Mume wa Seline aliinua uso kwa mara ya kwanza.  Awuor aliona macho yake na akajua kwamba maneno haya yatafika Kaloleni kabla yake.

Oduor, aliyechukia ugomvi, akatoa rai kutoka kwenye kidato cha pili cha ngazi. Hii si ni kitu ya skrubu tu? Ashushe sasa, mama aende kumwona mtoto, kesho arudishe pale pale, na huyo bwana akija ataikuta inang'aa kuliko alivyoiacha. "Hata nitaipiga brasso," alisema, na mkwe akatabasamu, na kwa muda mfupi kila mtu pale uani aliona kuwa jambo limepata njia. Hata Awuor aliiona. Irungu asingejua kamwe.

Ni Anyango aliyesema.

"Ukiirudisha," aliuliza, akigeuza uso wake usioona kuelekea kwenye ngazi, "utakuwa unamsimamishia nani?"

Kikongwe akasogea hatua moja.

"Zadock atakuwa ameondoka. Atakayeiona kutoka mbali atadhani boma halina mwenyewe, linamwita mwenyewe. Atakuja. Hatutamjua ni nani."

Oduor alishuka kidato kimoja. Juu ya paa, ingawa asubuhi ile haikuwa na upepo, koo lilisafishwa, na mara hii wote walisikia; mkwe alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa lango. Opiyo alijikaza. Alisema basi ishushwe na isirudi tena, itupwe ziwani, mambo yaishe. Akamwamuru Oduor apande.

Awuor alitembea kutoka kwenye veranda mpaka pale. Hakuwa na nguvu za kumzuia mwanamume, wala sheria, wala ndugu. Alisimama mbele ya ngazi, akaishika kwa mikono yote miwili, kidato alichokuwa anakanyaga Oduor na kile kilichofuata, akavifuta kwa viganja kama anayekausha vyombo. Akashika miguu ya ngazi pia. Hakuacha mahali ambapo mkono wa mtu ungehitaji kushika.

Oduor aliruka kando. Alikuwa na watoto wadogo nyumbani.

"Mama Seline, umefanya nini?" alisema kwa huzuni. "Hii ngazi ndiyo kazi yangu."

"Pole, ndugu yangu. Nitakupa vitambaa vyangu uuze, ununue nyingine."

"Nani atanunua vitambaa vyako?"

Hilo halikuwa tusi. Alikuwa akiuliza kweli. Opiyo alichukua koti lake. Alisema polepole, ili mkwe na mama yake wasikie vizuri, kwamba ukoo umekuja kumfungua naye amekataa. Hawatakuja mara ya pili. Anaweza kubaki mke wa kaburi mpaka azikwe. Halafu wakaondoka, Oduor akigeuka mara kwa mara kuitazama ngazi yake iliyobaki imeegemea paa, ambayo hakuna ambaye angeigusa tena.

Anyango alikuwa bado mlangoni. Awuor alijua kwamba kati ya wote aliowaumiza, huyu ndiye aliyeumia zaidi. Alimsogelea, akapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Ni mpaka kijana yule arudi tu."

"Na asiporudi?"

 Kikongwe alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akaupata uso wa Awuor, na kuushika. Yeye alikuwa mjane wa siku nyingi, hakuwa na cha kuogopa. "Basi nitamwambia avumilie," alisema. "Wewe nenda ukamwone mtoto, hata kama ni kwa mbali."

* * *

Kaloleni si mbali na Milimani kwa mtu anayeweza kukatiza viwanja vya watu. Awuor alizunguka kwa barabara kuu. Wanawake waliokuwa wakianika nguo walimwona akija, wakaita watoto wao ndani. Habari zilikuwa zimemtangulia kama alivyojua: mwanamke aliyefunguliwa mlango akaufunga mwenyewe, kwa ajili ya mgeni. Mmoja alisema kwa sauti iliyokusudiwa kusikika kwamba labda huyo kijana ana sura nzuri. Wengine wakacheka.

Nyumba ya Seline ilikuwa chumba kimoja na jiko katika safu ndefu ya nyumba zinazofanana. Awuor alisimama upande wa dirisha, mbali na mlango, akaita jina la binti yake mara moja.  Alidhani hatajibiwa, na alijiambia kwamba itakuwa haki.

Kisha dirisha likafunguliwa. Mkwe wake alimwinua Seline akamwegemeza kwenye mto. Uso wake ulikuwa wa kijivu, midomo imekauka, na hakuonekana kuwa na nguvu hata za kukasirika.

"Ni kweli ulikataa?"

"Ni kweli."

"Kwa nini, Mama?"

"Nilimwambia ndiyo," Awuor alisema. Alitafuta kitu cha kuongeza, juu ya hoteli ya ghorofa na kibanda cha Seme na sheria, na vyote vilikuwa kweli, lakini havikuwa jibu. "Aliniomba vizuri, nikamwambia ndiyo. Hakuna mwingine aliyekuwa ameingia nyumbani kwangu."

Seline alifumba macho. Chozi lilimtoka likaelekea sikioni, na mama yake, ambaye angelifuta kwa kidole kama angesogea hatua mbili, hakusogea. Baada ya muda binti alimwambia mumewe kitu. Kijana alisita. Akaambiwa tena. Akainama, akainuka na kifurushi cha khanga, akakileta karibu na dirisha, si karibu sana, akafunua upande mmoja.

Mtoto alikuwa amelala. Alikuwa na paji pana na kidevu kidogo chenye hasira, na mkono mmoja uliotoka nje ya khanga, vidole vikifunguka na kufumba kama anayepima kitambaa. Awuor aliweka mikono yake nyuma ya mgongo na kuishikanisha hapo.

"Mgeuze kidogo," alisema. "Nimwone sikio."

Akageuzwa. Mvua ilikuwa imeanza, nyepesi, ya upande. Mkwe alitoka kwa mlango akiwa na kigoda, akakiweka chini ukutani na kurudi ndani haraka bila kumtazama. Awuor alikisogeza mpaka mahali ambapo paa lilimkinga nusu ya mwili, akaketi, uso wake ukiwa sawasawa na kizingiti cha dirisha. Akamwambia Seline alale, yeye yupo, hatakwenda mahali. Na wakati wowote binti alipofumbua macho mchana ule, alimwona pale, begani akiwa amelowa, akimtazama mtoto.